Matanga ya Inchi Moja

Usiku wa jana niliota spoki za baiskeli zimekuja kwangu kunywa chai.

Zilipiga hodi kwa adabu, zikaingia, zikajipanga kwenye kibaraza bega kwa bega. Zote zilikuwa zimeinamisha shingo. Sikuona ajabu, maana spoki huzaliwa na shingo iliyopinda, ndiyo inayoishikia kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Nilichoona ajabu ni kwamba hakuna hata moja iliyoomba sukari ya kuongeza. Kwangu mimi watu huomba sukari ya kuongeza.

"Karibuni, karibuni sana," nikaziambia. "Nyumba tupu inaniumiza kichwa."

"Tumekaribia, Fundi Hidaya," ikajibu moja, ile iliyokaa karibu na birika. "Ila hatukai. Tumefiwa."

Nisiwachanganye. Ngoja niwaambie mambo yalikuwaje kabla sijalala.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga. Kazi nimeachiwa na baba. Mume wangu, Mhina, ni fundi cherehani. Yeye anakaa upande wa kushoto wa mlango na vitambaa vyake, mimi upande wa kulia na grisi yangu, na katikati kuna benchi la wapita njia ambalo tangu tuhamie halijawahi kuwa wazi. Jana alilikalia Mashavu, jirani yetu, ambaye habari za mtaa humfikia kabla hazijatokea. Na mbele yetu, juu ya mkeka, alikaa shoga yangu Mwantumu, anatazama gurudumu lake lililovunjika kama mtu anayetazama mgonjwa.

Mwantumu miguu ilimkataa tangu utoto. Anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha pedeli kwa mikono. Sasa gurudumu moja la nyuma habu yake imepasuka, na kesho mwanawe Salha anaolewa. Ukoo umeshakaa na kukata shauri kwamba mama wa bibi harusi ataingizwa ukumbini kwa kubebwa. Hawana nia mbaya. Wamesema wenyewe, si taabu, tutambeba tu.

"Harusi yangu nilibebwa," Mwantumu aliniambia jana, sauti chini, Mashavu asisikie. Mashavu akasogea ili asikie. "Kaka zangu walinitua kwenye kiti, kisha wakajipangusa mikono. Hivi, Hidaya. Kama mtu aliyetua gunia la mkaa. Ukumbi mzima uliona. Ya mwanangu naingia mwenyewe. Nifungie gurudumu langu."

Nikamwambia nitafunga. Habu nyingine nilishaipata, ya guta la mizigo, nene kuliko ile ya kwanza. Lakini habu ikinenepa, spoki lazima zifupike, na zile za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu. Zinatakiwa mpya, za kukata. Mjini nimezunguka, spoki nene za namna hiyo limebaki fungu moja tu, kwa Kombo mwenye mashine ya kukata na kuchonga meno. Tukaelewana leo asubuhi apite kwangu achukue kipimo, akate, aniletee, halafu aende zake gulioni. Akikata ndefu kidogo, tunapunguza. Akikata fupi, hakuna harusi. Chuma hakina huruma ya kurefuka.

Basi hesabu nikaipiga jana hadharani, watu wamejaa, chai inazunguka. Mhina alipima ringi, lile duara la nje la gurudumu, kwa tepu yake ya kushonea, ng'ambo hadi ng'ambo, akanitajia. Mimi nikapima habu. Mashavu akampima bwana harusi kwa mdomo. Unachukua nusu ya ringi, unatoa nusu ya unene wa habu, halafu unarudisha kidogo, kwa sababu spoki haiendi moja kwa moja kama mtu anayekimbia mvua. Inakwenda upande na inapishana na wenzake. Jibu nikaliandika kwa chaki kwenye mlango: kumi na moja na robo. Nikaenda kulala na moyo mweupe.

Hapo ndipo zilipokuja hizo spoki.

"Poleni," nikasema. "Nani amefariki?"

"Inchi."

"Inchi gani?"

"Ya kwanza."

Nikashika mdomo. Marehemu nilimfahamu. Tepu ya Mhina haina inchi ya kwanza. Ilikatika zamani, ikaondoka na kile kibati cha shaba cha kwenye ncha, na sasa tepu inaanzia pale inapoanzia ya pili. Nyumbani kwetu hili si siri. Ukipima kitu kwa tepu ya Mhina, unatoa moja, basi. Ukimwambia anunue nyingine anasema hii wameshazoeana.

"Anazikwa wapi?" nikauliza.

"Ameshazikwa. Twende matangani."

Nikajitanda kanga, tukatoka. Nje barabara hazikuwa pale nilipoziacha.

Barabara za Ngamiani mnazijua, zimelala sambamba na kila moja ina namba yake. Sasa zote zimetokea uani kwa Mwantumu, zimesambaa kila upande hadi ukingoni mwa mji, na ukingoni kuna mzee mmoja wa chuma amejikunja kuuzunguka mji mzima. Amejikunja hasa, kichwa chake kinagusa kisigino chake.

"Shikamoo, Mzee Ringi," spoki zikaamkia.

"Marahaba. Nimefika?"

"Unatoka wapi, mzee?"

"Hapahapa."

"Basi umefika."

"Alhamdulillahi," akasema Mzee Ringi, akaendelea na safari.

Nataka kukata moja kwa moja kwenda kwa Mwantumu, namuona kabisa pale katikati. Spoki ya mbele inanizuia.

"Hapa mtu haendi moja kwa moja, Fundi. Unatoka upande, unapishana na watatu. Wawili unapita juu yao, wa tatu unapita chini yake."

"Hata kama nina haraka?"

"Wenye haraka ndio waliopinda."

Siwezi kubishana, kanuni hiyo nawafundisha wengine mimi mwenyewe. Natembea upande.

Wa kwanza nakutana na Mashavu. Amelala kukingama barabara, amenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Nampita juu.

"Salama, Mashavu?"

"Salama, mwenzangu. Umesikia? Bwana harusi viatu vya kuazima."

"Vya nani?"

"Vya marehemu."

"Marehemu si inchi moja tu? Vitamtosha?"

"Ndiyo maana anachechemea," Mashavu anasema. "Wewe pita, usinikanyage kanga."

Wa pili ni Kombo. Naye amelala, mashine yake kifuani, inatafuna hewa. Nampita juu.

"Nikate ngapi, Fundi?"

"Kipimo kiko mlangoni."

"Nimeshakisoma. Ni kizuri. Kina watu wengi ndani yake."

Sikumuelewa, lakini ndotoni mtu hasimami kuuliza.

Wa tatu ni Mhina mume wangu, na huyu napaswa kupita chini yake. Ananyanyuka kidogo kunipisha, kistaarabu, pini za kushonea zimemjaa mdomoni. Nyumbani Mhina akiwa na pini mdomoni hatumsemeshi, akicheka atazimeza. Ananitazama. Ananyanyua kidole kimoja, anakikunja. Mimi, kwa heshima ya ndoa, nanyanyua cha kwangu kimoja, nakikunja. Tunaitikiana kwa vichwa. Tumeelewana vizuri sana. Napita.

Matangani kulikuwa kumejaa, na mimi pakijaa nafurahi hata pakiwa pa msiba. Pilau ilikuwa inapakuliwa. Mfiwa alikuwa Mhina, amekaa kwenye jamvi na kofia yake, ingawa nilimwacha barabarani amelala. Watu wakampa pole, wakala, wakanawa, wakainuka, wakavuka benchi letu la wapita njia. Upande wa pili kulikuwa na matanga mengine, marehemu yuleyule, pilau ileile. Mfiwa nilikuwa mimi. Nikajikuta nimekaa kwenye jamvi.

"Pole, Fundi," watu wakaniambia, midomo inang'aa mafuta.

"Tumeshapoa. Kuleni, msiwe wageni."

Marehemu alikuwa amekaa pembeni yangu, anakula. Mtu mfupi, upana wa dole gumba, mistari midogo midogo mwilini, namba moja kifuani, na kichwani kofia ya shaba.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye mfiwa?"

"Ndiyo mimi."

"Na yule wa upande ule?"

"Ni mume wangu. Naye ni mfiwa."

"Yeye amenizika lini?"

"Alipopima."

"Na wewe?"

"Aliponitajia."

Inchi akatafuna, akameza. "Mlizungumza kabla ya kunizika?"

"Tulikuwa na wageni."

"Aa," akasema Inchi, bila kukasirika. Alichota wali mwingine, akaupuliza. "Mimi, binti yangu, nimekufa mara moja tu. Sikatai kuzikwa. Lakini makaburi ni mawili na maiti ni mmoja. Hilo la pili halikai tupu. Lazima limeze mtu."

"Limmeze nani?"

Alielekeza kofia yake katikati ya mji.

Mara tuko uani kwa Mwantumu, jamvi, sufuria, na wote. Mwantumu amekaa kwenye baiskeli yake, amevaa gauni la zari aliloshonewa na Mhina, hina mikononi. Upande mmoja baiskeli imesimama juu ya gurudumu, upande mwingine imesimama juu ya pumzi za watu. Wote wameizuia pumzi ili isianguke. Mlangoni yanaingia Mabega.

Yalikuwa mabega matupu, hayakuwa na vichwa wala mikono, manene, yenye jasho, yamevaa kanzu zilizoishia shingoni.

"Hodi," yakasema Mabega. "Sisi ni Mabega. Tumeletwa na ukoo."

"Karibuni," akasema Mwantumu. "Mmeniletea nini?"

"Tumejileta. Si taabu, tutakubeba tu."

"Sijawaita."

"Tunajua, mama. Sisi huwa hatuitwi. Ngoma ikianza na gurudumu halipo, ni zamu yetu." Yakapiga magoti kwa upole, pande zote mbili za kiti chake, yakangoja. Yalikuwa na huruma ya kweli, ungeweza kuiona ikiyatoka pamoja na jasho.

Mwantumu akanigeukia. "Hidaya. Hawa hawana mikono."

"Naona."

"Basi angalau hawatajipangusa."

Akacheka, na mimi nikacheka, halafu hakuna aliyekuwa anacheka. Akanishika kiganja. "Nifungie gurudumu langu, shoga."

Ngoma ya kwanza inalia mahali fulani. Napiga makofi, spoki zinaruka mbiombio mahali pake. Zinajishika kwa shingo kwenye habu, moja inaelekea mbele, moja nyuma, zinapishana, mbili juu, moja chini, zinaamkiana zinapokutana. Kazi nzuri, najisifu mwenyewe. Huko ukingoni Mzee Ringi amesimama, na kila tundu lake lina kinati kimekaa, vile vinati vidogo vya kufungia ncha ya spoki, vimeachama kama makinda ya ndege.

Spoki zinanyoosha mikono. Vinati vinanyoosha midomo.

Hazifiki.

Zote zimebakiza kipande kilekile. Kimekuwa duara jembamba la hewa kati ya mji na ukingo wake. Nakipima kwa kidole. Ni nusu inchi.

"Vutaaa!" anapiga kelele Mashavu, ambaye kumbe naye ni spoki, na majirani wote wa benchi letu ni spoki, na muuza kahawa ni spoki. Wanavuta hadi shingo zinanyooka. Hazifiki. Kwenye paji la uso la kila mmoja pameandikwa kwa chaki, kwa mwandiko wangu, kumi na moja na robo.

"Mbona nusu?" namuuliza Inchi. "Aliyezikwa zaidi si mmoja mzima?"

"Mmenitoa kwenye ringi, ng'ambo hadi ng'ambo," anasema Inchi. "Nusu yangu iko upande huu wa Mwantumu, nusu iko upande ule. Ndivyo mtu anavyogawanywa akizikwa na watu wawili wasiosemezana."

"Tunasemezana! Nyumba yetu haina dakika ya kunyamaza!"

"Ndiyo," anasema Inchi. "Nilisikia habari zote za bwana harusi."

Ngoma ya pili. Mabega yamejiinamisha zaidi, yamemgusa Mwantumu pembeni, taratibu, kama mtu anayeomba radhi. Gauni la zari linaanza kupanda juu. Mwantumu ametazama mikono yake yenye hina, ameikunja mapajani, na hilo ndilo linaloniuma. Mikono ile sijawahi kuiona imekunjwa. Mikono ile ndiyo miguu yake.

"Inchi," nasema. "Baba yangu. Toka kaburini mwangu. La Mhina libakie, ni la haki. La kwangu nimelichimba kwa kutouliza."

"Unanifufua?"

"Nakufufua."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Nilikuzika mbele yao."

Inchi akapangusa midomo. Akavua kofia yake ya shaba, akaniwekea kiganjani. "Nishikie hii," akasema. "Usiitupe. Nimeishi nayo." Akanifungia vidole juu yake, kimoja kimoja. Kisha akajilaza juu ya habu, akajigawa katikati bila kelele, na kila nusu ikateleza kwenda upande wake.

Spoki zinafika. Vinati vinafunga midomo, *tak, tak, tak*, kuuzunguka mji. Nagonga ya kwanza kwa ukucha, inalia. Nagonga ya pili, inalia sauti ileile. Mashavu nikimgonga analia sauti ileile na ya muuza kahawa, na hao tangu mwaka juzi hawapatani.

"Nimefika?" anauliza Mzee Ringi.

"Sasa umefika, mzee. Zunguka."

Akazunguka. Baiskeli ikatua kwenye gurudumu lake kama kuku anayetua juu ya mayai. Mabega yakabaki yamepiga magoti, hayana kitu juu yake, yakapumua. "Loh," yakasema, "kumbe tulikuwa tumechoka." Mwantumu akakunjua mikono, akashika pedeli. Sikumuona anaingia ukumbini, watu walinisonga, na mimi ni mfupi. Nilisikia vigelegele tu, na katikati ya vigelegele ule mlio wa mnyororo wake ambao nautambua hata usingizini.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Upande wa kushoto wa mlango cherehani ilikuwa inakwenda. Mhina alikuwa anamalizia mikono ya gauni la zari. Nikatoka na usingizi wangu machoni.

"Mhina, jana ulipopima ringi ukanitajia ishirini na tano. Ulikuwa umeshatoa ile moja?"

Akatoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kitambaa. "Nimeshatoa. Tepu ilisoma ishirini na sita. Si kawaida yangu?"

"Na mimi nikatoa."

Cherehani ikasimama.

"Ukatoa tena?"

"Nikatoa tena."

"Mbona hukuuliza, mke wangu?"

"Mbona hukusema, mume wangu?"

Tukatazamana. "Kulikuwa na wageni," akasema Mhina.

Kengele ya baiskeli ikalia nje. Kombo alikuwa ameshafika, mguu mmoja chini, fungu la spoki limefungwa nyuma, anausoma mlango wangu kwa macho yaliyofinywa.

"Fundi Hidaya! Nikate kumi na moja na robo, siyo?"

"Wee! Usikate!" Nikaruka benchi. Nikafuta mlango kwa upindo wa kanga. "Kumi na moja na robo tatu. Niambie nilivyosema."

"Kumi na moja na robo tatu. Mbona kama unakimbizwa?"

"Sema tena."

"Na robo tatu, mama, nimesikia!"

Nikataka kuliandika jibu upya, ili na Mwantumu akija alione. Nikainua chaki kwa mkono wa kushoto, na hapo ndipo nilipogundua kwa nini ni wa kushoto. Wa kulia nilikuwa nimeufumba tangu nilipoamka, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Nikaukunjua. Kiganjani kulikuwa na kibati kidogo cha shaba, kile cha ncha ya tepu, kimechakaa na kina alama ya meno ya cherehani ya Mhina. Ndani yake kulikuwa kumenasa punje moja ya wali, ya rangi ya pilau, bado ya moto.

Sisi jana tulikula ugali na dagaa. Pilau itapikwa kesho, kwa Mwantumu.